Uso na Sauti: Tuzo za Lupita Nyong'o

Usiku wa tarehe 2 Machi 2014, katika ukumbi wa Dolby mjini Los Angeles, Lupita Nyong'o alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa kumwigiza mtumwa aitwaye Patsey. Mwezi Februari 2025 alitunukiwa tuzo ya Annie, ambayo hutolewa kwa mabingwa wa filamu za katuni, kwa kumwigiza roboti aitwaye Roz. Baina ya tuzo hizi mbili umepita muda wa karibu miaka kumi na mmoja, na lipo jambo ambalo wapenzi wa ushairi hawana budi kulitazama kwa makini. Katika ile ya kwanza mwigizaji alionekana uso na mwili, na maneno aliyopewa kusema yalikuwa machache. Katika hii ya pili hakuonekana hata ncha ya kidole. Ilisikika sauti peke yake.

Magazeti huzihesabu tuzo za wasanii kama mfanyabiashara anavyohesabu magunia: ngapi zimeingia, ngapi zimekosekana. Hesabu ya namna hiyo haimfai sana mwigizaji huyu. Historia ya tuzo zake, pamoja na zile alizoteuliwa kuziwania asizipate na zile ambazo hakuteuliwa kabisa, ni historia ya mzozo wa kale: je, uigizaji ni kile kinachoonekana, au ni kile kinachosikika?

Kwa Waswahili suala hili lina mizizi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, kilichosafiri baadaye kutoka Unguja hadi Mombasa, Lamu na kwingineko pwani kilikuwa sauti yake, wala si sura yake. Maelfu waliompenda hawakupata kumtia machoni. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kila aliyeusoma anajua jinsi sauti ilivyomtoa mwanamke huyo katika unyonge wa nasaba na wa mali akaketi mbele ya wakubwa. Hapakuwa na jopo la majaji. Palikuwa na wasikilizaji tu.

Mbali na bahari hali haikuwa tofauti. Kaengesa iko katika uwanda wa juu wa Ufipa, wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, upande ule wa nchi ambako Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yanaukumbatia mwinuko wa baridi. Wafipa ni watu wenye sanaa ya mazungumzo iliyostawi kiasi cha kuandikiwa kitabu kizima. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1960, alikichapisha mwaka 1978. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa mkazi wa Kaengesa, kama kwa wenzake wa vijiji vingine vya bara, mwigizaji alikuwa kwanza ni sauti itokayo redioni. Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa mfululizo wa «Twende na Wakati», wenye dereva wa lori Mkwaju, mwenye nyumba ndogo kila kituo, na mkewe Tunu, ambaye polepole anajifunza kusimama kwa miguu yake. Mchezo huo ulipimwa kwa uangalifu mkubwa. Matangazo ya eneo la Dodoma yaliachwa bila ya mchezo huo hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe. Kilichopimwa, hata hivyo, ni idadi ya waliojiunga na uzazi wa mpango na waliobadili mwenendo kwa kuhofia UKIMWI. Ustadi wa mwanamke aliyempa Tunu pumzi na machozi haukuwa na kipimo chake.

Tuzo za sinema zilizaliwa katika ulimwengu mwingine, na ndio ulimwengu alioingia Lupita.

Alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika Jiji la Mexico, ambako baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha chuoni. Ndiyo maana ana jina la Kimeksiko, kifupi cha Guadalupe, likifuatiwa na jina la Kijaluo. Alikulia Kenya. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet katika jukwaa la Phoenix mjini Nairobi. Filamu ya «The Constant Gardener» ilipopigwa Kenya alifanya kazi miongoni mwa wasaidizi wa nyuma ya kamera, akitumwa huku na huko. Tuzo yake ya mwanzo kabisa wala haikuwa ya uigizaji. Mwaka 2008, katika tamasha la filamu la vyuo vitano vya jimbo la Massachusetts, alishika nafasi ya kwanza kwa «In My Genes», filamu ya maisha halisi aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba aliyekuja kusifiwa kwa uso wake alianza kwa kuwatazama watu ambao jamii huwahukumu kwa ngozi zao. Mwaka 2009 alionekana katika tamthilia ya televisheni ya «Shuga», iliyopigwa Nairobi, kisha akaenda kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Alihitimu mwaka 2012, akiwa amepewa tuzo ya Herschel Williams, ambayo chuo hicho huwapa wanafunzi wa uigizaji wenye kipaji cha pekee.

Yale ndiko sauti yake ilikogeuka kuwa mtihani. Amesimulia mwenyewe, katika mfululizo wa mazungumzo aliouanzisha mwaka 2024, jinsi alivyojilazimisha kuiacha lafudhi ya Kikenya na kuishi ndani ya lafudhi ya Kimarekani, darasani na nje ya darasa, ili asije akanyimwa kazi. Na jinsi alivyoamua, wakati filamu yake ya kwanza kubwa ilipokuwa ikitangazwa, kuirudia lafudhi ya kwao ili kijana wa Kiafrika anayesikiliza ajue kwamba mlango huo haumtaki ajivue ulimi. Anayejua tofauti ya Kiunguja, Kipemba na Kiamu haoni kuwa hili ni jambo dogo. Shairi la Kiamu likisomwa kwa lafudhi ya Dar es Salaam mizani hubaki, lakini kuna kitu huondoka.

Filamu hiyo ilikuwa «12 Years a Slave» ya Steve McQueen, iliyotoka mwaka 2013 na kujengwa juu ya kitabu cha Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, kilichochapishwa mwaka 1853. Patsey hakutungwa. Alikuwa mtu, na Northup anaeleza kwamba katika shamba la Epps huko Louisiana aliweza kuchuma ratili 500 za pamba kwa siku, yaani zaidi ya kilo 220, na kwamba ubingwa huo haukumkinga na tamaa ya bwana wala na wivu wa bibi. Watazamaji wengi hukumbuka mandhari ya kuchapwa viboko. Iliyo nzito zaidi kisanaa ni ile ya usiku, pale Patsey anapomsogelea Solomon na kumwomba amuue, kwa sauti ya chini, kama mtu aombaye hisani ya kawaida ya jirani. Hapo hapana damu. Ni sauti tu inayobeba.

Msimu wa tuzo uliofuata ulikuwa mbio za wanawake wawili. Wahakiki wa New York walimchagua Jennifer Lawrence, aliyeigiza katika «American Hustle». Wahakiki wa Los Angeles wakamchagua Lupita. Golden Globe ilikwenda kwa Lawrence, na BAFTA ya Uingereza vilevile. Huko Uingereza Lupita aliteuliwa pia kuwania tuzo ya nyota chipukizi, asiipate. Chama cha waigizaji wa filamu wa Marekani kilimpa tuzo Lupita mwezi Januari 2014. Wahakiki wa utangazaji nao wakampa yeye, na mwezi Februari akapata tuzo ya NAACP, jumuiya kongwe ya watu weusi wa Marekani. Tarehe 1 Machi, siku alipotimiza miaka 31, alipokea Independent Spirit. Siku ya pili yake ikaja Oscar. Alikuwa mwanamke mweusi wa sita kuipata Oscar ya mwigizaji msaidizi, katika silsila iliyoanzia kwa Hattie McDaniel, aliyeitwaa mwaka 1940 kwa kumwigiza mtumishi. Jukwaani alikumbusha kwamba furaha yake ililipiwa kwa uchungu wa mtu mwingine, akamshukuru Patsey, kisha akawaambia watoto kuwa ndoto zao zina haki popote walipo. Magazeti yalilishika lile la ndoto. Lile la Patsey lilistahili kushikwa kwanza.

Katika msimu huo huo kulitokea jambo ambalo halikumhusu Lupita moja kwa moja, lakini linaiangaza safari yake yote. Scarlett Johansson alikuwa ameigiza katika filamu ya «Her» bila kuonekana hata mara moja, kwa sauti tupu. Tamasha la Roma lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Waandaaji wa Golden Globe wakasema hastahiki hata kuteuliwa, kwa kuwa hakuonekana. Kanuni ilikuwa wazi: asiyeonekana hajaigiza. Siti angetolewa nje ya ukumbi.

Watu hudhani kwamba Oscar hufungua milango yote. Mwaka 2025 Lupita alieleza katika mahojiano kwamba baada ya ushindi ule kazi nyingi alizoletewa zilikuwa za utumwa tena, safari hii labda mtumwa akiwa ndani ya merikebu. Tuzo ilikuwa imemtukuza, na papo hapo ilikuwa imemwandikia mahali pa kukaa. Ukizitazama kazi alizozipokea miaka iliyofuata unaona namna ya ukaidi. Mwaka 2015 alicheza Maz Kanata katika «Star Wars: The Force Awakens», kiumbe mwenye karne nyingi aliyechorwa kwa kompyuta juu ya mienendo yake; uso wote ulifichwa. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mbwamwitu mlezi wa Mowgli, katika «The Jungle Book». Wapo walionung'unika kwamba uso mzuri kiasi kile unafichwa, na wengine wakauliza kwa haki kama Hollywood haioni haya kumtunza mwanamke mweusi na kisha kumtoa machoni. Yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo hapana shaka kwamba mwenyewe alikuwa anatafuta kitu, na jukwaa la maigizo lilikionyesha.

Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi, alikuwa mwigizaji wa akiba wa «Eclipsed», tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake walioshikwa mateka katika vita vya Liberia. Alijifunza maneno yote kwa kusubiri zamu ambayo huenda isifike. Aliirudia New York mwaka 2015, na mwaka 2016 ikapanda Broadway, tamthilia ya kwanza hapo kuandikwa, kuongozwa na kuchezwa na wanawake weusi watupu. Aliigiza msichana asiye na jina anayechagua bunduki ili asiwe mali ya mtu. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia, ikachukuliwa na Jessica Lange. Kwenye jukwaa hakuna kamera ya kuusogelea uso. Mtu aliyeketi safu ya nyuma kabisa hutegemea sikio.

Mwaka huo huo aliigiza mama wa Phiona Mutesi katika «Queen of Katwe» ya Mira Nair, filamu kuhusu mtoto wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Ni kazi safi kuliko nyingi zilizotuzwa. Mama yule anauza mahindi, ana watoto, ana deni la kodi ya nyumba na hana nafasi ya kuomboleza. Lupita anamchezea katika mwendo na katika lafudhi ya Kiganda iliyotulia, bila kuomba huruma. Oscar haikuigusa filamu hiyo hata kwa uteuzi mmoja. Mwafrika akilia utumwani majaji humwona upesi. Akipika uji na kukisia bei ya mahindi huwa vigumu zaidi kuonekana. «Black Panther» ya mwaka 2018 ilipata sifa kwa jumla: chama cha waigizaji kilikituza kikosi kizima Januari 2019, Oscar ikatoa tuzo tatu kwa mavazi, mandhari na muziki, wala hakuna mwigizaji hata mmoja aliyeteuliwa. Wakanda ilizungumza Kixhosa, lugha ya watu halisi, na hakuna tuzo ya kuliona hilo.

Kisha ikaja «Us» ya Jordan Peele, mwaka 2019. Ikiwa mtu ana nafasi ya kuitazama kazi moja tu ya Lupita, na aitazame hii. Anacheza watu wawili: Adelaide, mama wa familia aliye likizoni, na Red, mfanano wake atokaye chini ya ardhi. Adelaide anasema kwa sauti laini. Red anasema kana kwamba kila neno linakwaruzwa kooni kabla ya kutoka. Pumzi inaingia pale ambapo ingetoka, na silabi zinakatika mahali pasipo kituo. Lupita alieleza kwamba alianza kwa kuyachunguza maradhi yanayokaza misuli ya sauti. Watu wenye maradhi hayo na wanaowatetea walichukizwa kuona hali yao ikitumika kutisha watu, naye akaomba radhi. Lalamiko lilikuwa la haki. Lakini sauti ile haikuwekwa ili kutisha tu, na mwisho wa filamu unaeleza kwa nini. Aliye na koo lililovunjika ndiye mtoto aliyezaliwa juu, mwenye jina na wazazi. Alikabwa na mfanano wake akaachwa chini. Aliye na sauti laini ndiye aliyezaliwa bila ya usemi, akaja juu, akajifunza kusema, akaishi maisha ya mwenziwe. Filamu nzima ni kisa cha sauti iliyoibwa, na mwanamke mmoja anabeba mwizi na aliyeibiwa. Anayejua hadithi ya Yale hawezi kuacha kufikiri juu ya lafudhi iliyovuliwa na kurudiwa, ingawa filamu haisemi hivyo.

Wahakiki wa New York, wale wale waliompita mwaka 2013, safari hii walimchagua kuwa mwigizaji bora wa kike. NAACP ikampa tuzo. Chama cha waigizaji kikamteua, ingawa Renée Zellweger ndiye aliyeshinda. Golden Globe haikumtaja. Oscar haikumtaja. Sababu nyepesi zipo: filamu za kutisha hazina bahati na Oscar, na hii ilitoka mwezi Machi, mbali na msimu wa kupiga kura. Hata hivyo miongoni mwa waigizaji ishirini walioteuliwa mwanzoni mwa 2020 mweusi alikuwa mmoja tu, Cynthia Erivo, na aliteuliwa kwa kumwigiza Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani na kurudi kuwatoa wenzake. Erivo alistahili. Ni mlango ulio mwembamba, nao ulikuwa ule ule wa mwaka 2014.

Mwaka huo wa 2020 ulileta pia uteuzi ambao haukuzungumzwa sana, nao unastahili kukumbukwa Tanzania kuliko kwingineko. Lupita alikuwa msimulizi, kwa watazamaji wa Marekani, wa mfululizo wa «Serengeti». Uingereza waliisikia sauti ya John Boyega. Tuzo za Emmy zinalo fungu la wasimulizi, naye akateuliwa. Aliyeteuliwa pamoja naye alikuwa Chiwetel Ejiofor, yule yule aliyekuwa Solomon katika «12 Years a Slave», kwa kusimulia «The Elephant Queen», filamu ya tembo wa Kenya. Basi wawili waliokutana katika mashamba ya pamba ya Louisiana walikutana tena, kwa sauti, juu ya simba na tembo wa Afrika Mashariki. Tuzo ilichukuliwa na David Attenborough, ambaye amesimulia wanyama kwa zaidi ya nusu karne, na hapana wa kumlaumu kwa hilo. Kuna kejeli ndogo hapo hata hivyo. Mwanamke wa Afrika Mashariki alisikika akisimulia Serengeti, lakini katika filamu ile hakuna mtu wa Serengeti anayesema. Ardhi imejaa wanyama na imetolewa wenyewe.

Suala la nani asemaye na kwa lugha gani limewagusa pia waigizaji ambao hawakupita Yale. Amandina Lihamba, msomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliigiza katika «Arusi ya Mariamu», iliyotunukiwa katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1985. Baadaye aliigiza katika «Maangamizi», ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, akiwa mgonjwa aliyekaa kimya miaka mingi. Mwanajuma Ali Hassan akawa Maangamizi mwenyewe. Mwaka 2001 filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya filamu za nje. Ya pili haikuja mpaka 2022, nayo ni «Vuta N'kuvute» ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hapo Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin na Siti Amina ni Mwajuma, na Kiswahili cha Unguja kinasemwa kama kisemwavyo. Hakuna kati ya filamu hizi mbili iliyoteuliwa. Hata lau zingeteuliwa, tuzo ile hupewa filamu na nchi yake. Mwigizaji asemaye Kiswahili huingia mashindanoni kama sehemu ya bendera.

Februari 2024 Lupita aliketi upande wa pili wa meza. Aliongoza jopo la majaji la tamasha la Berlin, mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti hicho, na jopo likampa Dubu wa Dhahabu Mati Diop kwa filamu ya «Dahomey», inayofuatilia vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa na Ufaransa na kurejeshwa Benin mwaka 2021. Katika filamu hiyo sanamu ya mfalme inasema. Inasema kwa Kifon, kutoka gizani, ndani ya sanduku, kwa sauti nzito iliyotengenezwa. Hapana haja ya kudai kwamba rais wa jopo ndiye aliyeamua. Majaji huamua kwa pamoja na kwa siri. Ila mkutano huo wa hukumu na sauti ni wa kufurahisha.

Mwaka huo huo zilitoka filamu zake mbili zinazokaa kama beti mbili za shairi moja. Katika «A Quiet Place: Day One» yeye ni Samira, mshairi anayekufa kwa saratani, katika jiji la New York lililovamiwa na viumbe wanaoua kila anayetoa sauti. Mshairi ndiye aliyefungwa kinywa, na mwigizaji anarudi kwenye uso mtupu, macho yakifanya kazi ya ubeti. Katika «The Wild Robot» ya Chris Sanders hana uso kabisa. Roz ni mashine iliyopotea kisiwani na kulea kifaranga cha bata bukini. Anaanza akisema kama mashine za kuuza tikiti, kila sentensi imenyooka na kuchangamka kupita kiasi. Kadiri malezi yanavyomgeuza, sauti inapata mikunjo, inasita, inashuka, mpaka mtazamaji hajui ni lini hasa chuma kilianza kuwa mama. Huwezi kulishika neno moja ukasema ni hapa. Wanaoghani tenzi ndefu wanaijua kazi hiyo ya kupandisha hisia bila ya kuvunja mahadhi.

Filamu hiyo ilizoa tuzo tisa za Annie, mojawapo ikiwa ya Lupita. Oscar iliiteua mara tatu, kwa filamu bora ya katuni, kwa muziki na kwa upangaji wa sauti za filamu. Sauti ya mwigizaji haimo katika fungu lolote kati ya hayo. Kanuni za Oscar zimebadilika tangu hapo: kwa filamu za mwaka 2025 limeongezwa fungu la wateuzi wa waigizaji, na kwa filamu za 2027 limepangwa fungu la mafundi wa michezo ya hatari. La sauti bado halipo.